Mila Ipi Iliyomkataza Simbamwene?

"Kwa mila zetu mwanamke hatawali." Kauli hii imezoeleka mno. Ilizunguka vijiweni Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais, na huibuka upya kila uchaguzi wa serikali za vijiji unapokaribia. Huwa inanikera popote ninapoisikia, lakini Morogoro inanikera zaidi. Mtu anayeitamka akiwa amekaa stendi ya Msamvu, au anapandisha njia ya milimani kuelekea Towelo, anaikana historia ya ardhi anayoikanyaga.

Aprili 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alifika bonde la mto Ngerengere chini ya safu ya Uluguru. Alikuta mji wa mraba uliozungushiwa ukuta wenye matundu ya kupenyezea mitutu ya bunduki, minara ya mawe kila pembe, na malango manne, kila moja likielekea upande wake wa dunia. Milango yake ilikuwa ya mbao nzito zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiarabu, akahisi kwamba ilichongwa Unguja au pwani kisha ikapelekwa bara ubao mmoja mmoja. Stanley alikuwa amepita Uajemi, na aliandika kwamba huko, nje ya miji mikubwa, hakuona ngome iliyoizidi ile.

Mwenye mji huo alikuwa mwanamke, Simbamwene binti Kisabengo. Baba yake, kabla hajafa, aliagiza kwamba binti yake mkubwa ndiye atakayerithi, akampa na jina la mji liwe lake.

Yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi. Mabalozi wa Simbamwene walikwenda kambini kwa Stanley kudai honga, ushuru ambao kila msafara uliutoa kwa mwenye nchi. Stanley akajitetea kwamba msafara wake mwingine, uliotangulia chini ya Farquhar, ulikwishalipa, na mabalozi wakaikubali hoja hiyo. Siku chache baadaye Stanley aliwatuma askari wake watatu wamsake mpishi aliyemfukuza kwa wizi. Walipoingia mjini, Simbamwene aliwakamata akawatia minyororoni. Ilibidi mfanyabiashara wa Kiarabu, Sheikh Thani, aende kuwaombea, tena kwa kumtisha mtawala kwa habari za bunduki za yule mzungu, ndipo wakaachiwa. Baadhi ya walichokuwa nacho kilibaki kwake.

Hapa hakuna mwanamke wa maajabu anayerusha mishale juu ya farasi. Kuna serikali: watoza ushuru wanaojua nani ameshalipa, gereza, ulinzi wa malango, na mtawala anayejua lini akaze na lini alegeze. Mambo haya ya kila siku ndiyo utawala, na ndiyo yanayoivunja kauli ya vijiweni kuliko simulizi yoyote ya ushujaa.

Kauli hiyo ina sura nyingine, ya wasomi. Wao hawasemi kwamba mila inakataza. Husema wanawake wa namna hii ni hadithi tu, kama wale Amazoni wa Wagiriki wa kale. Nawajibu kwa Wagiriki haohao. Kwa Homer, Amazoni ni wanawake wanaolingana na wanaume vitani, na Bellerophon anawaua. Katika masimulizi mengine Achilles anamuua malkia wao Penthesilea, Heracles anamnyang'anya Hippolyta mkanda, naye Theseus anamteka mmoja na kumpeleka Athens. Kwenye hekalu la Parthenon, lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, vita dhidi yao vilichongwa upande wa magharibi. Tazama mwisho wa kila kisa: mwanamke mwenye silaha anauawa, anatekwa au anaolewa. Hadithi zile zilitungwa na wanaume ambao wake zao hawakuruhusiwa hata kupiga kura barazani, na kazi yake ilikuwa kuwathibitishia kwamba wako sahihi.

Hata hivyo ndani yake mlikuwa na chembe ya ukweli. Herodotus anasimulia kwamba Amazoni walipotakiwa na vijana wa Kiskithi waende kuishi kwao, walikataa. Walisema hawataelewana na wanawake wa huko, kwa kuwa wao kazi yao ni upinde, mkuki na farasi. Kwa karne nyingi ilidhaniwa ni porojo. Kisha wachimbaji wa mambo ya kale wakafukua makaburi katika nyika za Ukraine, kusini mwa Urusi na Kazakhstan, wakakuta mifupa ya wanawake waliozikwa na mishale na mikuki yao, wengine wakiwa na majeraha ya vita. Diodorus naye aliandika kwamba Amazoni wa zamani zaidi waliishi Afrika, upande wa Libya. Hilo silishikilii kama ushahidi, na sioni haja. Sisi tunao wetu, wenye majina na tarehe.

Kinachoniuma ni kwamba tunawafanyia wa kwetu yaleyale Wagiriki waliyowafanyia Amazoni. Kwanza tunawakana. Ushahidi ukituzidi nguvu, tunasema "huyo alikuwa jike dume", kana kwamba alitoka kwenye jinsia yake kwa muda ili akatawale. Ama hakuwapo, ama hakuwa mwanamke wa kawaida. Njia zote mbili zinaiacha kauli ya "mila zetu" ikiwa salama.

Basi tuiangalie hiyo mila. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo, lukolo, hupita kwa upande wa mama, na shamba ambalo mtu amepewa kulima upande wa baba yake kwa desturi hurudi kwa wenyewe akifariki. Cheo cha Kingalu wa Kinole, ambaye jina lake limepewa soko kuu la mjini Morogoro, hurithiwa kwa mkondo huohuo. Sitaki kupamba: ukoo wa mama haukumaanisha kwamba wanawake ndio waliotoa amri. Mara nyingi mwenye sauti alikuwa mjomba. Lakini mtu anayesema kwamba mila ya hapa haimjui mwanamke katika ardhi na urithi, hajakaa na wazee wa Matombo wala wa Mgeta akawasikiliza.

Kisabengo alikwenda mbali zaidi. Kwa mkondo wa mama, mrithi wa cheo angetazamiwa kuwa mpwa wake, mtoto wa dada. Yeye akamteua binti yake wa kumzaa. Alipindisha desturi kwa sababu za kisiasa, watu wakatii, na mji ukaendelea kutoza honga. Mila, kumbe, ilikuwa inatungwa na kutunguliwa na watu waliokuwa hai, kwa maslahi ya wakati wao. Leo tunaiona jiwe lisilosogea pale tu inapomnyima mwanamke kitu.

Simfanyi Simbamwene malaika. Baba yake alijikusanyia nguvu miongoni mwa watumwa waliotoroka, kisha akageuka kuwateka wengine, na mji aliomrithisha ulijengwa kwa mapato ya aina hiyo. Atajwe pamoja na dhambi za mji wake, kama tunavyowataja Mirambo na Tippu Tip pamoja na za kwao bila mtu kuuliza kama kweli waliwahi kuishi. Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameubomoa ukuta na kuzoa nyumba nyingi, na mtawala amekimbia. Wapo wanaousoma mwisho huo kama hukumu juu ya mwanamke aliyejipandisha. Dhoruba ya Aprili mwaka huo iliipiga pia Unguja ya Sultani Barghash, ikaangusha mikarafuu na kuzamisha majahazi, na sijawahi kusikia mtu akisema ilikuwa hukumu juu ya utawala wa wanaume.

Najua nitaambiwa kwamba huyo ni mmoja tu. Hakuwa peke yake. Mkomanile wa Ungoni aliipokea dawa ya Majimaji na kuieneza, na Februari 1906 Wajerumani walimnyonga Songea pamoja na viongozi wanaume. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza, akakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwao. Serikali za kikoloni hazikupoteza muda kujadili kama wanawake hao ni hadithi. Zilitafuta kamba na pingu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa historia wa Morogoro ni dogo: somesheni kurasa zile za Stanley, pamoja na kiburi chake na yote aliyoyakosea, wanafunzi wakiwa wanautazama mlima uleule alioutazama. Na kwa wenyeviti wa vijiji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka wanawake 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji. Siku mtu atakaposimama mkutanoni na kusema mila hairuhusu, msimpigie makofi. Mtakeni aitaje mila hiyo ni ya ukoo gani, ilianza lini na nani aliiweka, na katibu aandike majibu yake kwenye muhtasari.