Mwalimu mkuu, bandika hesabu ukutani

Siku hizi mzazi wa Pwani akidaiwa pesa asizozielewa shuleni, haendi ofisini kuuliza. Anaipiga picha karatasi ya malipo, anaituma Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia jioni mji mzima umeisoma. Kesho yake msako unaanza: nani ameiharibia shule jina? Lile swali la kwanza, pesa hizo ni za nini, halijibiwi.

Nimewasikia wakuu wa shule wakiwaita watu hawa wachochezi. Mimi sikubali. Wengi wao wanaogopa kwamba wakiuliza ana kwa ana, mtoto ndiye atakayeandamwa darasani.

Haki ya kuuliza wanayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema kumchafulia mtu jina kusiwe tena kosa la jinai; aliyesingiziwa afungue kesi ya madai.

Wanaoandika nao wana wajibu. Uvumi unaweza kumvunjia heshima mwalimu asiye na hatia, na picha ya mtoto wa mtu hairushwi bila idhini ya mzazi wake. Tena wajue mlango wa kubisha. Chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Kumlaumu gavana kwa madawati ya sekondari ni kupoteza bure hasira ya haki.

Lakini mzigo mkubwa ni wa ofisi. Kiwango rasmi cha serikali ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na wakuu wenyewe wamelalamika mara nyingi kwamba hazifiki zote. Basi semeni hivyo hadharani. Bandikeni kwenye ubao: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, wazazi wameombwa nini, na nani aliyeidhinisha. Mzazi akiona pesa zimekuja pungufu, atajua wa kumuuliza yuko Nairobi, si hapo shuleni. Mkuu anayeficha hesabu anajibebesha lawama isiyo yake, na mtoto anabaki katikati.