Ziara ya Kijiji cha Mlimani: Tukaone Nini, Tukafanye Nini?

Miongoni mwa ziara za mafunzo zinazopendwa na shule zetu za msingi ni ile ya Marangu, kijiji kilichoko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Watoto huoneshwa maporomoko ya maji ya Kinukamori, hulitazama lango la kuendea kilele chenye meta 5,895, hupiga picha, hula, kisha hurudi. Kesho yake huandika insha iitwayo "Safari Yetu". Kwa maoni yangu, hayo ni matembezi tu, na mzazi aliyeuza kuku ili mwanawe asafiri amepunjwa.

Sisemi maporomoko yasitazamwe. Kustaajabu ni mlango wa elimu. Kosa ni la mwalimu anayewaacha watoto mlangoni. Kijijini humo kuna jambo ambalo mgeni huweza kuliruka kwa hatua moja bila kulitambua, nalo ni mfongo, yaani mfereji wa asili. Wachagga walichimba mifongo kabla ya ukoloni, bila saruji, wakayatoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo hata yakafika mashambani.

Basi, ndugu mwanachuo, unapoandaa ziara hiyo, fuata njia ya maji. Safari ianzie Himo, chini ya mlima. Watoto wasome kipimajoto hapo, na wakisome tena wafikapo Marangu. Kwa kawaida joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 za mwinuko. Tofauti watakayoiona itawafundisha zaidi ya mchoro wa ubaoni.

Wakifika kwenye mfongo, wapime hatua 10 kando yake, waelee kijiti majini na kuhesabu sekunde. Hiyo ni Hisabati. Waulizwe kwa nini mchimbaji hakuufanya mteremko kuwa mkali. Watagundua wenyewe kwamba maji yaendayo kasi hubomoa kingo. Hiyo ni Sayansi.

Kisha wabishe hodi katika kihamba, shamba linaloizunguka nyumba. Wachore tabaka zake: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi karibu na ardhi, na ng'ombe zizini wanaokula majani ya migomba na kurudisha samadi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo wa vihamba, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Itakuwa aibu ikiwa mtoto wetu ataupita akidhani ni kichaka cha ndizi.

Mwisho, wakae mbele ya mzee. Wamwulize maji hugawanywa kwa zamu gani, nani huitwa kusafisha mfereji, na asiyefika hufanywaje. Wamwulize pia habari za sale, mmea unaopandwa mipakani na ambao jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Hapo watajifunza uraia ambao hauhitaji kukaririwa.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba kazi hizi ni nzito mno kwa watoto wa darasa la nne. Sikubaliani nao. Mtoto anayechota maji kila siku anajua vema maji ni nini, hajaulizwa tu. Kilicho kizito ni maandalizi ya mwalimu: kutangulia kijijini, kuomba ruhusa kwa viongozi, kuzungumza na wazee, na kuandika maswali kabla ya kuagiza gari.

Maandalizi hayo hayafai kuahirishwa. Mifongo kadhaa imekwisha kuachwa, vijana wengi wamehamia mijini, na wazee wajuao zamu za maji wanapungua. Mlima utaendelea kuwapo hata tusipoutembelea mwaka huu, lakini mzee huenda asiwepo.

Ziara ipimwe kwa swali ambalo mtoto anarudi nalo nyumbani. Akimwuliza babaye, "Kisima chetu husafishwa na nani, na kwa zamu gani?", ujue kwamba nauli ya mzazi haikupotea.