Mashua ya Saruji Haitibu Moyo

Kuna aina ya kitabu ambayo binafsi imenichosha, na nashangaa kwa nini wahakiki wetu haijawachosha. Mtu wa Uingereza au Marekani, ndoa imevunjika au kazi imemshinda, anaiona mashua kuukuu ya matanga imetelekezwa kwenye matope ya mdomo wa mto. Anainunua kwa bei ya kutupa. Anakwangua kutu, anapiga rangi, anashona tanga, na kufikia ukurasa wa mwisho mashua inaelea na yeye mwenyewe kapona. Nasi tunaandika, eti, "safari ya ndani ya nafsi". Safari gani jamani? Hebu tuulize kwanza gatini alilipa kiasi gani.

Nazungumzia hasa mashua za saruji, maana ndizo za bei ya chini na ndizo zinazowanasa watu wa vitabu. Anayecheka kwamba saruji haielei asicheke sana, chuma nacho hakielei mpaka kiundwe meli. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda kimashua cha waya na saruji mwaka 1848, akakipeleka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1855. Miaka ya 1940 mhandisi wa Italia, Pier Luigi Nervi, aliifufua mbinu hiyo akaunda chombo cha tani 165. Na Awahnee ya Bob Griffith, ganda lake saruji tupu, iliizunguka Antaktika mwaka 1970–71, kwenye bahari zinazovunja milingoti kama vijiti. Kwa hiyo ugomvi wangu si na saruji.

Ugomvi wangu ni na wanaoificha ilikotoka. Miaka ya 1960 na 1970, kule New Zealand, Uingereza na Kanada, watu wa kawaida walinunua michoro na kuanza kujenga nyuma ya nyumba zao. Unasuka nondo nyembamba kwa umbo la mashua, unafunga waya wa kuku tabaka juu ya tabaka, vifundo maelfu kwa maelfu mpaka vidole vinachubuka. Kisha unachagua siku, unaita majirani na mafundi lipu, mnakandika mchanga na saruji toka alfajiri mpaka mmalize, kwa sababu mkiacha nusu ikakauka, pale mlipounganishia ndipo patakapovuja. Baadaye unalinyeshea maji kwa wiki kadhaa kama kitalu cha miche. Ganda zima, unene wake kama sentimita mbili na nusu. Aliyewahi kuona matangi ya maji ya waya na lipu vijijini Kenya anaielewa kazi hii kuliko mhakiki wa London.

Na ganda, pamoja na jasho lote hilo, ndiyo sehemu rahisi. Injini, mlingoti, matanga, kamba, umeme, mbao za ndani: huko ndiko fedha zinakokwenda, na huko ndiko familia nyingi ziliishiwa. Wapo waliozeeka, mashua ikiwa bado imesimama bustanini inaota majani. Anayeokota moja leo "kwa pauni moja" anaokota Jumamosi za mtu mwingine, miaka na miaka. Kitabuni huyo mjenzi hupewa sentensi moja tu, mzee fulani mwenye ndoto, halafu msimulizi anakalia kiti chake.

Sasa tuje kwenye hiyo sitiari yenyewe. Mbao ikioza unaichoma kisu, inakujibu. Saruji haisemi. Chuma kimefunikwa na milimita chache tu za lipu. Maji ya chumvi yakipenya, waya unaliwa na kutu, kutu inavimba, lipu inabanduka kutoka ndani. Unagonga kwa nyundo ndogo ukitega sikio, pale palipo pazima panalia, palipoachana panatoa mlio mfu. Lakini siku ile ya lipu, kule chini kwenye mkuku, je, mchanganyiko ulijaa au uliacha mapango? Hakuna nyundo ya kukuhakikishia. Ndiyo maana wakaguzi wengi husitasita, bima nyingi hukataa, na bila bima bandari nyingi za mashua hazikupi pa kufunga kamba. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ndiko huku, ila gunia lenyewe halifunguki.

Mwandishi mwenye njaa angeishika hiyo! Mtu anayelala kila usiku ndani ya kitu asichoweza kukihakikisha: hapo pana riwaya. Badala yake wanapaka rangi nyeupe sura ya tano na kusonga mbele. Farley Mowat, kwenye The Boat Who Wouldn't Float ya mwaka 1969, alikuwa na skuna ya mbao iliyovuja mwanzo, ikavuja katikati, na wala hakujidai imemfanya mtu mwema. Kinachekesha, na kina ukweli kuliko rafu nzima ya hawa waliopona.

Nitaambiwa ni fasihi, usiisome kama mwongozo wa fundi. Sawa. Ila wasomaji wananunua mashua kwa sababu ya vitabu hivi, kwa akiba zao za uzeeni, na mashua ya saruji ikishindikana haina mnunuzi wa chuma chakavu, wala huwezi kuipasua kuni. Inaletewa mashine, inapondwa, inapakiwa lori, na mwenyewe analipia kila safari ya lori.