Jina la Tovuti ya Msikiti ni Amana ya Nani?



Misikiti na madrasa zetu nyingi siku hizi zina tovuti. Aghlabu kijana anayejua kompyuta hujitolea kusajili jina la tovuti, akalilipia kwa fedha yake na kujiandikisha yeye mwenyewe. Ikizuka khitilafu, kijana huondoka na jina, na jamaa hubaki wakinong'onezana kuwa wamedhulumiwa.

Mwaka 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, liliweka utaratibu wa kuamua mizozo nje ya mahakama. Mlalamikaji sharti athibitishe kuwa jina linafanana na alama yake ya biashara, kuwa aliyelisajili hana haki nalo, na kuwa alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kesi ya kwanza kuamuliwa kupitia WIPO, Januari 2000, ilimhusu mtu aliyesajili jina la shirikisho la mieleka la Marekani, na baada ya siku tatu akataka kuliuzia shirikisho hilo kwa dola 1,000. Iliamriwa wenyewe wapewe.

Wapo wasemao kanuni hizi za Magharibi hazituhusu. Hatuoni hivyo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa jina na alama ya biashara ni haki ya mwenyewe, yenye thamani ya mali, wala haijuzu kuivamia.

Lakini kijana wetu si mvamizi. Alisajili kwa kheri na kwa idhini yetu. Nani atathibitisha nia mbaya? Msikiti nao una alama gani ya biashara? Tena ada ya WIPO huanzia dola 1,500, na walimu wetu wa madrasa twajua wanalipwa nini. Kosa ni letu tusioandikiana, ilhali ayah ya 282 ya Suratul-Baqara twaisoma kila Ramadhani.

Basi kamati zisajili jina kwa bodi ya wadhamini, kwa barua pepe ya msikiti, na kijana arejeshewe alichotoa ila akisema ni sadaka. Waliokwisha kuzozana wateue hakamu wanayemridhia wote, upesi, kwani jina hulipiwa kwa muda maalumu. Muda ukipita bila malipo, mtu baki aweza kulichukua.