Gari limechukuliwa, muuzaji hapatikani

Saa nane usiku mtoto aliamka akilia kuwa miguu inamuuma, na mwili ulikuwa unachemka. Mama alimfunga kanga na kumwamsha baba. Kwa mazoea, baba alinyoosha mkono nyuma ya mlango, kwenye msumari wa funguo za gari. Msumari ulikuwa mtupu. Gari lilikuwa limechukuliwa siku tisa zilizopita.

Walikwenda hospitali kwa bajaji, mtoto amefunikwa shuka mbili. Msichana huyo wa miaka sita ana sikoseli, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huo homa haisubiri kupambazuke, kwa sababu maambukizi yanaweza kumzidia ndani ya saa chache. Ndiyo sababu wazazi wake, wakazi wa Tabata jijini Dar es Salaam ambao majina yao yamehifadhiwa, walijinyima miaka mitatu ili wanunue gari. Akiba, zamu ya mama kwenye mchezo na mkopo wa kazini wa baba vilifikisha Sh9.5 milioni.

Gari lilikuwa Toyota IST, safi ndani na nje. Aliyewauzia ni kijana waliyemkuta kwenye yadi ndogo kando ya barabara. Alisema gari ni la mjomba wake aliyehamia mkoani. Walipouliza kadi, akawapa nakala na kusema yenyewe "iko TRA, inabadilishwa jina". Sh7 milioni ziliingizwa benki kwenye akaunti ya mtu aliyemtaja kuwa shemeji yake, na Sh2.5 milioni wakampa mkononi. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi moja, bila shahidi wa upande wake na bila namba ya kitambulisho.

Wiki ya saba walikuja watu wawili wakiwa na barua na kadi halisi. Gari lilikuwa dhamana ya mkopo, na aliyekopa alikuwa ameacha kulipa. Baba alibisha, lakini mmoja wao alitoa ufunguo wa akiba na mlango ukafunguka.

Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Kwenye yadi, mwenye eneo alisema yeye hupangisha nafasi kwa mwezi tu, na kijana yule alishaondoka.

Hasira ilivyowagharimu mara ya pili

Wiki za kwanza nyumba haikukalika. "Nilikuambia tusubiri kadi," mama alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa na haraka, kila siku bajaji, bajaji," baba alijibu. Walidhani mtoto amelala. Asubuhi, akivalishwa sare, aliuliza: "Mama, gari limechukuliwa kwa sababu mimi naumwa?"

Katika siku hizo hizo baba alimpa mtu Sh300,000 aliyedai anaweza kufuatilia namba ya simu kwa mtambo. Naye akazima simu. Pesa hiyo ilikuwa ya nauli na dawa za mtoto, na tarehe moja ya kliniki ikapita hivi hivi.

Ukweli ni kwamba taarifa za usajili wa laini hazitolewi kwa mtu yeyote anayezitaka. Polisi ndio wanaoziomba kwa kampuni ya simu wakati wa upelelezi, kwa utaratibu wa sheria. Anayekuahidi kuzipata kichochoroni ama ni tapeli, ama anakuingiza kwenye kosa. Kusambaza picha ya mtuhumiwa kwenye makundi ya simu nako kuna hatari zake. Kunamshtua aliyejificha, na ukikosea mtu, wewe ndiye utakayeitwa kujibu.

Usiku ule wa bajaji, muuguzi alimpima mtoto kisha akamtazama mama yake. "Mama, wewe umelala lini?" Mama alilia pale pale, akaeleza yote. Muuguzi alimwelekeza kwa msaidizi wa kisheria anayehudumia kata yao. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Daftari kabla ya mahakama

"Shikamoo mama," walimwamkia.

"Marahaba. Kaeni. Nani kati yenu ana karatasi ya benki?"

Hakutaka kusikia kwanza jinsi kijana alivyokuwa na maneno matamu. Aliwapa daftari waandike tarehe, kiasi, namba za simu, jina lililo kwenye akaunti, namba ya gari na watu waliokuwepo. Meseji zote walizipiga picha na kuzituma kwenye barua pepe, ili simu ikipotea ushahidi ubaki. "Msihangaike kwanza na alipo yule kijana," aliwaambia. "Nionyesheni pesa ilipita wapi."

Kisha aliwatenganishia mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni jinai. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Unaripoti kituo cha polisi, unapewa namba ya RB, na upelelezi unaanza. Kwa njia hiyo polisi wanaweza kufika mahali ambapo mwananchi hafiki, yaani kwenye kumbukumbu za benki na za kampuni za simu. Lengo kuu la jinai ni kumwadhibu mkosaji, ingawa mahakama inaweza pia kuamuru fidia.

La pili ni madai, yaani kudai pesa yako irudi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka sharti hata pale mkataba uliponyamaza: anayeuza awe na haki ya kuuza. Aliyeuza gari lililo dhamana ya mtu mwingine bila kuwa na haki hiyo anaweza kudaiwa. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, lakini kungoja kunaua ushahidi. Mashahidi huhama, laini hubadilishwa, karatasi hupotea.

Madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi Sh30 milioni yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Kazi ngumu ni kumpata wa kumpelekea wito. Jina la utani na namba iliyozimwa havitoshi. Kwa mashauri yanayofunguliwa Mahakama ya Wilaya, ukionyesha kuwa umemtafuta mdaiwa bila mafanikio, mahakama inaweza kuruhusu wito utolewe kwa njia nyingine, ikiwamo tangazo la gazeti. Asipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Hata hivyo, hukumu dhidi ya mtu asiyeonekana na asiye na mali inayojulikana inaweza kubaki karatasi.

Ndiyo maana jina lililo kwenye akaunti ya benki lilikuwa muhimu.

Shemeji wa Mbagala

Baada ya RB na wiki kadhaa za kufuatilia kituoni, mpelelezi alimpata mwenye akaunti, mkazi wa Mbagala. Alikiri akaunti ni yake. Alidai kijana alimpa Sh200,000 kwa kumwazima, na nyingine zote alimkabidhi.

Familia ilimwandikia barua ya madai. Siku 14 zikapita kimya. Walipofungua shauri Mahakama ya Mwanzo, wito ulimfikia kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake. Siku ya pili ya shauri alikubali kurudisha Sh7 milioni zilizopita kwenye akaunti yake, kwa Sh500,000 kila mwezi, na makubaliano hayo yakaandikwa mbele ya hakimu. Faida ya kuyaandikisha mahakamani ni kwamba akiacha kulipa, familia haianzi upya. Inaomba hukumu ikaziwe.

Hadi sasa amelipa mara nne, mara moja kwa kuchelewa. Zile Sh2.5 milioni za mkononi bado ziko kwa kijana, na kijana hajapatikana. Jalada la polisi liko wazi.

Kabla hujatoa pesa

• Omba kadi halisi, siyo nakala. Jina lililo juu yake lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kama anauza kwa niaba ya mwingine, zungumza na mwenye gari mwenyewe na upate idhini yake ya maandishi.

• Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile za kwenye kadi.

• Nendeni pamoja TRA kuhakiki umiliki na kuanza kuhamisha jina kabla hujamaliza malipo. Anayekwepa safari hiyo amekujibu.

• Lipa kwenye akaunti yenye jina la mwenye gari. "Akaunti ya shemeji" ni sababu ya kuondoka.

• Andikishaneni mbele ya wakili, pamoja na namba za NIDA, anwani ya mtaa na mashahidi wa pande zote mbili.

Wazazi wale walimjibu mtoto swali lake jioni moja, wote wawili wamekaa kitandani kwake. Walimwambia kuna mtu aliuza kitu kisicho chake, kwamba ni kosa la wakubwa, na kwamba ugonjwa wake haukuhusika. Tangu hapo habari za shauri wanazizungumza nje, akishalala.

Gari jingine bado. Wamekubaliana na dereva wa bajaji anayeishi nyumba ya tatu kwamba atakuja saa yoyote, na malipo ni mwisho wa wiki. Namba yake imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi na kutungikwa kwenye ule msumari wa nyuma ya mlango, pamoja na kadi ya kliniki. Tarehe ya kliniki ni Jumanne. Rejesho la tano ni Ijumaa.