Kiraka Si Aibu

Ukipita soko la Migori utawaona mafundi wa cherehani wamejipanga barazani, na chini ya miguu yao vipande vya kila namna: kitenge, kaki, sufu, dangirizi, na kodrai yenye mistari. Suruali ya mtumba iliyokuwa ndefu imekatwa, koti lililokuwa pana limepunguzwa. Jioni vipande hivyo hufagiwa na kutiwa moto.

Safari yangu ya mwisho huko nilifika Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapoachana na ile ya Kisii. Hapo mama mmoja alikuwa ameanika kambani mfarishi uliotokana na masalio hayo hayo. Aliunganisha miguu ya suruali za dangirizi na mikono ya sweta, na katikati akatia mraba wa mahameli nyekundu. Ukipitisha kiganja, hapa panakwaruza, hapa panateleza. Kijana mmoja akapita akicheka, "Mama, hilo ni blanketi la maskini!" Yule mama hakumjibu. Aliyetahayari ni mimi, kwani maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe.

Marehemu mama yangu alinishonea mfarishi nilipooa. Ulikuwa na leso zake kuukuu, pindo la kikoi cha baba na vipande vya kanzu niliyokwenda nayo chuoni. Niliona haya wakwe wasiuone. Nikaufunikia mifuko ya simiti uani, mvua ikaupiga hadi ukaoza. Mama alipofariki niliutafuta, nikapata kipande kisichozidi kiganja.

Aibu hii ya kiraka tumeitoa wapi? Si katika dini yetu. Tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake na kiatu chake kwa mkono wake, na imepokewa kwamba Sayyidna Umar alikuwa khalifa huku nguo yake ina viraka.

Wala si katika asili yetu. Huko Karnataka, India, wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari hii yetu karne zilizopita, wengi wao kwa utumwa. Wanawake wao, Waislamu kwa Wakristo na Wahindu, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanza ukingoni, wakapiga bandi kwa kuzunguka mpaka wakaishia katikati. Kila pembe huwekwa kipande kilichokunjwa, nao hukiita phula, yaani ua. Mfarishi usio na maua hayo kwao uko uchi. Mwaka 2004 waliunda chama cha ushirika, na kazi zao zimeonyeshwa hadi Marekani. Je, linalotazamwa kwa heshima New York lichekwe Rongo?

Wala simsifu mshonaji kwa kumhurumia. Kazi hii ina elimu yake. Sufu hujikunyata ikifuliwa, leso mpya huchuja rangi, mahameli hukimbia chini ya sindano, na dangirizi kwa uzito wake huichana melimeli iliyoshonwa ubavuni mwake. Kwa hivyo fundi hufua kila kitambaa kabla ya kukikata. Chepesi hukitia bitana kwanza ili kistahimili kuvutwa na kizito. Sweta huipiga uzi kingoni isifumuke. Manyoya ya mahameli huyalaza upande mmoja, la sivyo rangi moja itaonekana mbili. Pa kushonea huacha pana, na sindano huchagua nene. Asiyejua haya atashona leo na kufumua kesho. Mama wa Rongo aliyajua. Niligeuza mfarishi wake nyuma na mbele, sikuona uzi ulioruka.

Wako watakaosema kwamba blanketi la dukani ni rahisi. Ni kweli, nami sikatazi mtu kulinunua. Lakini yule anayesimama mbele ya mfarishi uliochukua siku nyingi, akataka kuuziwa kwa bei ya vitambaa vilivyokuwa vya kutupwa, huyo hanunui, anadhulumu. Hesabu siku, ndugu yangu, usihesabu vipande. Na mafundi wa Migori na Homa Bay, badala ya kuwasha moto jioni, wawape masalio hayo wenye kuyahitaji. Vyuo vya ufundi vya huko navyo viwafundishe vijana kazi hii kama vinavyowafundisha kukata suruali. Huenda yule aliyecheka akapata riziki yake humo.

Mfarishi wa Rongo niliununua kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Usiku ule mvua ilinyesha Homa Bay, nami nikajifunika nikalala. Niliporudi nyumbani nilikitoa sandukuni kile kipande cha mama, nikatia uzi kwenye sindano, nikakishona pembeni kwa mkono wangu. Mshono wenyewe umekwenda upande, lakini umeshika.