Likizo imeisha, mtoto bado ananyonya (Sehemu ya 3)



Likizo ndefu imeisha, kahawa tumeshaanika, vyuo vinafunguliwa. Kila mwaka majira haya kliniki tunapata swali lilelile kutoka kwa mabinti wenye watoto wa miezi miwili, mitatu: "Nesi, nimwachishe lini ili nirudi darasani?"

Mdogo wangu, usimwachishe. Na chuo usikiache. Vyote viwili vinawezekana, ila siyo kwa mama peke yake. Hapo ndipo nina neno na familia.

Mtoto chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Hata maji hapana. Ule uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe anayopewa "asilie njaa" mama akiwa chuo, ndivyo vinavyotuletea watoto wanaoharisha na kupungua uzito.

Sasa mama akiwa darasani mtoto atanyonya nini? Kamua. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye chombo safi kilichochemshwa, chenye mfuniko. Kiweke mahali pa ubaridi, mbali na jua na jiko: maziwa yatakaa masaa 4. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Usiyachemshe. Yakiwa ya baridi, weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, maana chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha. Yakibaki kikombeni, mwaga.

Tupige hesabu. Umekamua saa 1 asubuhi, umetoka. Yale maziwa mwisho wake ni saa 5. Wengi wetu hatuna friji. Kwa hiyo saa 5 lazima mtu ampeleke mtoto kwa mama yake, au mama arudi nyumbani anyonyeshe. Mtu huyo ni nani? Hilo ndilo swali la kujibu kabla ya kulipa ada. Kama chuo kiko mbali, tafuteni chumba cha jirani na chuo, na mdogo wake au bibi aende akae naye mpaka mtoto afikishe miezi 6. Kama haiwezekani kabisa, binti aulize ofisini kwao utaratibu wa kuahirisha muhula. Kuahirisha siyo kuacha.

Sasa nawageukia wenye vyuo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Mwanafunzi siyo mwajiriwa, sheria hiyo haimgusi. Lakini jamani, titi la mwalimu na titi la mwanafunzi wake yana tofauti gani? Novemba 2021 Serikali iliruhusu mabinti walioacha shule kwa ujauzito warudi masomoni. Tulishangilia. Ila ukimruhusu mama arudi halafu ukamnyima nusu saa ya kunyonyesha, umemrudisha nusu. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vimeweka sehemu ya kulelea watoto wa wanafunzi. Kwa hiyo inawezekana. Wengine waanze hata na chumba kimoja chenye mlango, kiti na maji ya kunawa.

Baba mtoto, usiseme "hayo ni mambo ya wanawake". Bodaboda ya saa 5 ni jukumu lako. Mama mkwe, shikamoo. Najua ulilea watoto wako kwa uji na wakapona. Huyu mjukuu mpe kikombe cha maziwa ya mama yake, na mkwe wako akimaliza chuo matunda mtakula wote.

La mwisho. Kunyonyesha huzuia mimba ikiwa tu mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya mchana na usiku bila kupewa kitu kingine. Ukianza kushinda darasani, kinga hiyo usiitegemee tena. Pita kituo cha afya cha Serikali kabla ya wiki ya kwanza ya masomo, huduma ya uzazi wa mpango ni bure.

Sehemu ya 4 tutaongea njia ipi inamfaa mama anayenyonyesha. Usiku mwema, na mwambie mwenzako.